Mariamu, Maria, Mary au Miriam: lipi umpe mtoto?

Anayetaka kumwita binti yake jina la Bibi Maryamu, mama wa Nabii Isa, au la Bikira Maria, mama wa Yesu, hukuta mbele yake ukoo mzima wa majina. Mariamu, Mariam, Maryam, Maria, Mary, Miriam. Bibi anataka Maria kwa kuwa ndilo lake. Mama mtoto anaona Miriam linapendeza zaidi. Shangazi anasema Mary linatosha, ni fupi na halimsumbui mtu. Yote yametoka shina moja, na hapo ndipo ugumu ulipo: orodha za maana za majina haziwezi kukutenganishia, kwa sababu maana yake ni ileile. Yanatofautiana kwa hadithi iliyobebwa na kila umbo, kwa watu waliolibeba kabla ya mtoto wako, na kwa jinsi linavyokaa mdomoni na kwenye vyeti. Naamini mzazi achague kwa hayo matatu, na hasa kwa hilo la kwanza.

Shina moja

Shina ni la Kiebrania, Miryam. Katika Kigiriki likawa Mariam na Maria, na Kilatini kikalichukua Maria kama lilivyo. Ufaransa likageuka Marie, Uingereza likawa Mary. Upande wa pili, Kiarabu kina Maryam, na Uislamu ukalifikisha kote ulikofika.

Kiswahili kimepokea kutoka pande zote hizo. Waislamu wana Maryamu na Mariamu. Wakatoliki husali "Salamu Maria". Kiingereza kimetuachia Mary, ambalo kinywani ni Meri. Biblia ya Muungano inamwita mama wa Yesu Mariamu, na dada wa Musa inamwita Miriamu, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili huona wanawake wawili wenye majina mawili. Kwa Kiebrania hao ni wasomo, jina lao ni moja. Hili lina uzito kwa anayechagua, maana kwetu Miriam humkumbusha mtu Bahari ya Shamu na tari, na Mariamu humkumbusha hori la ng'ombe au mtende.

Maana: usiogope neno "uchungu"

Wazazi wengi hupenda jina, kisha husita wakisoma mahali kwamba maana yake ni uchungu. Tuliangalie jambo hili vizuri.

Maelezo ya uchungu yanatokana na neno la Kiebrania *mar*, yaani chungu. Ndilo analolitumia Naomi katika kitabu cha Ruthu anaporudi kwao akiwa mjane aliyefiwa na wanawe wote wawili: msiniite Naomi, niiteni Mara. Na katika Kutoka sura ya 15, Miriamu anaongoza wanawake kwa tari na nyimbo kwenye mstari wa 20 na 21, kisha kwenye mstari wa 23 watu wanafika mahali ambapo maji hayanyweki kwa uchungu, pakaitwa Mara. Majina hayo mawili yakisomwa kwa kufuatana hivyo, ni rahisi kuona kwa nini wafasiri wa kale waliyaunganisha.

Maelezo ya pili ni uasi, kutoka neno la Kiebrania *meri*. Ya tatu ndiyo yanayopendwa na wengi: nyota ya bahari. Hayo yana historia ya kuvutia. Mtakatifu Hieronimo, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini kuanzia mwishoni mwa karne ya 4, alilieleza jina kama *stilla maris*, yaani tone la bahari. Katika kunakili, *stilla* ikawa *stella*, na tone likawa nyota. Mabaharia wa Kikristo wakaipenda nyota hiyo, na haijatoka tena.

Maelezo ya nne yanapita Misri. Katika Kimisri cha kale mzizi *mry* una maana ya kupendwa, na ulitumika sana katika majina ya watu. Miriamu wa kwanza tunayemjua ni wa familia iliyoishi Misri, na jina la ndugu yake Musa wataalamu wengi wanalihusisha na kipande cha Kimisri kinachoonekana kwenye majina ya mafarao kama Thutmose. Kwangu hoja hii ina nguvu kuliko zote, ingawa wanazuoni hawajakubaliana. Mzazi anayesema "nimemwita binti yangu Mpendwa" ana msingi mzuri kama yule anayesema uchungu, pengine kumzidi.

Kwa vyovyote, maana haichagui kati ya Mariamu na Maria, wala kati ya Mary na Miriam. Ukikuta orodha inayosema Maria ni "nyota" lakini Miriam ni "uasi", ujue mwandishi amegawa maelezo ya jina moja kwa maumbo mawili.

Tabia zinazohusishwa na jina

Kuna hesabu maarufu ya herufi inayodai kutoa tabia ya mtu kutoka kwenye jina lake. Kila herufi hupewa namba kutoka 1 hadi 9 kwa mpangilio wa alfabeti, namba hujumlishwa, na jumla hupunguzwa hadi ibaki tarakimu moja. Nimeifanya kwa ukoo huu wote. Maria inatoa 6, namba ya mlezi. Mary inatoa 3, mchangamfu. Miriam inatoa 9, mwenye huruma kwa walimwengu. Mariam inatoa 1, kiongozi. Maryam inatoa 8, mwenye madaraka. Ukiongeza herufi *u* upate Mariamu, inakuwa 4, mtu wa utaratibu. Kwa hiyo karani akisahau *u* moja kwenye cheti, mtoto amehama kutoka utaratibu kwenda uongozi. Tafadhali usimchagulie mtoto wako jina kwa hesabu hii.

Hata hivyo sisemi kwamba jina halina uhusiano wowote na tabia. Uhusiano upo, ila unapita kwa wasikilizaji. Watu wakisikia jina hukisia umri wa mwenye nalo, dini yake, alikotoka, na humtendea kulingana na makisio hayo. Mwaka 2004 watafiti Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha jaribio walilofanya Marekani: walituma kwa waajiri wa Boston na Chicago maombi ya kazi yenye sifa zinazofanana, tofauti ikiwa majina tu. Majina yaliyosikika kuwa ya Wazungu yalipata wito wa usaili kwa asilimia 50 zaidi ya yale yaliyosikika kuwa ya Wamarekani weusi. Hivyo jina linafanya kazi kweli, na kazi hiyo inafanyika kichwani mwa anayelisikia.

Hata sauti ina sehemu yake. Tangu Wolfgang Köhler alipoandika mwaka 1929 kuhusu maneno ya kubuni *takete* na *baluma*, imeonekana mara kwa mara kwamba watu huunganisha sauti laini na maumbo ya mviringo, na sauti kavu na maumbo yenye ncha. Majina yetu yote manne huanza na *m*, na Miriam huishia nayo pia. Labda ndiyo sababu moja ya watu kumfikiria mwenye jina hili kuwa mpole kabla hawajamwona. Sababu kubwa zaidi ni wanawake waliolibeba, na hapa maumbo yanaachana kabisa.

*Miriam* ni jina la mwanamke anayesema. Biblia inamwita nabii. Anashika tari na kuongoza wimbo baada ya bahari kuvukwa. Katika Hesabu 12 anamkosoa Musa waziwazi, anapigwa ukoma, anatengwa nje ya kambi siku saba. Watu wengi huishia kwenye adhabu hiyo wanaposimulia, nami nahuzunika, kwa sababu mstari wa 15 una jambo la ajabu: taifa zima halikusafiri mpaka Miriamu aliporudishwa. Na karne nyingi baadaye nabii Mika anapowataja waliotumwa kuwatangulia Waisraeli kutoka Misri, anawataja watatu kwa pamoja, Musa, Haruni na Miriamu.

Kisha karne ya 20 ikampa jina hili sauti nyingine. Zenzile Miriam Makeba alizaliwa Johannesburg mwaka 1932. Mwaka 1960 serikali ya ubaguzi wa rangi ilimzuia kurudi nyumbani kumzika mama yake. Mwaka 1963 alisimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa kuushitaki ubaguzi huo. Aliimba hadi usiku wa kifo chake, Novemba 2008, baada ya kushuka jukwaani Italia. Kwa Waafrika wa rika fulani, Miriam ni Mama Afrika kwanza, ndipo dada wa Musa. Ukimpa mtoto jina hili, hayo ndiyo makisio atakayokutana nayo: msichana mwenye msimamo, mwenye sauti, asiyekaa kimya akiona jambo haliendi sawa.

*Mariamu* husemwa kuwa jina la utulivu na utii. Nusu ya hilo ni kweli. Katika Injili ya Luka, mwanamke huyo huyo anayesema "na iwe kwangu kama ulivyosema" anaimba, aya chache mbele, kwamba Mungu "amewaangusha wakuu katika viti vyao vya enzi, na wanyonge amewakweza". Utii wake una uti wa mgongo.

Katika Kurani habari zake ni pana hata zaidi. Yeye ndiye mwanamke pekee anayetajwa humo kwa jina lake, sura ya 19 yenye aya 98 imeitwa kwa jina hilo, na sura ya 3 ina tukio ambalo kila mzazi anayetafuta jina angelisoma polepole. Mke wa Imrani ameweka nadhiri ya kumtoa mtoto aliye tumboni amtumikie Mungu. Anajifungua, anakuta ni msichana, na anamwambia Mola wake kuwa mwanamume si sawa na mwanamke. Kisha mama huyo mwenyewe anatangaza: nami nimemwita Maryamu. Anaomba ulinzi kwa ajili yake na kizazi chake, na Mola anampokea mtoto kwa mapokezi mema. Jina limetolewa na mama, limefuatwa na dua. Baadaye, sura ya 19, tunamwona Maryamu peke yake chini ya mtende, uchungu wa uzazi umemshika, akitamani angekufa kabla ya hayo. Anaambiwa autikise mtende, zinamdondokea tende mbivu. Anarudi kwa watu wake na mtoto mikononi, akijua watakayoyasema. Sioni unyonge hapo. Naona ujasiri wa mtu aliyeachwa peke yake akasimama.

Katika wakati wetu umbo hili lina mbebaji mmoja ambaye ningependa kila msichana amjue: Maryam Mirzakhani, aliyezaliwa Tehran mwaka 1977. Mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Medali ya Fields, tuzo ya juu kabisa ya hisabati. Alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 40.

*Maria* halina uso mmoja, na nadhani hiyo ndiyo sifa yake. Kwa Wakatoliki ni Bikira Maria. Kwa Waislamu kuna pia Maria al-Qibtiyya, aliyetoka Misri na kumzalia Mtume Muhammad mwana aitwaye Ibrahim, ingawa watu wengi hudhani Maria haliwezi kuwa jina la Mwislamu. Kwa wapenda opera ni Maria Callas. Kwa walimu wa chekechea ni Maria Montessori, daktari Mwitalia aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907. Kwa wanasayansi ni Maria Skłodowska wa Warsaw, aliyehamia Paris akawa Marie Curie na kupata Tuzo ya Nobel mara mbili, 1903 na 1911. Jina likiwa na wabebaji wengi namna hii, msikilizaji hana la kukisia. Mtoto anaanza na ukurasa mweupe.

*Mary* kwa masikio ya wengi leo ni jina la mtu mzima: mwalimu, muuguzi, mama wa kanisani. Lina uaminifu ndani yake na halina mbwembwe. Mary Seacole wa Jamaika alijilipia nauli kwenda vita vya Krimea kuwahudumia majeruhi. Mary Robinson akawa rais wa kwanza mwanamke wa Ireland mwaka 1990. Mary Keitany wa Kenya alishinda marathoni ya New York mara nne na ya London mara tatu, na mwaka 2017 London alikimbia kwa saa 2:17:01. Ukitazama orodha hiyo, picha ya mama mtulivu haitoshi.

Umaarufu

Hapa mzazi anapaswa kujiuliza swali moja: nataka jina ambalo darasani watalibeba wanne, au ambalo atalibeba peke yake?

Tatizo la wengi kuitwa hivi ni la kale sana. Palestina ya karne ya kwanza, kwa kumbukumbu za majina ya wanawake zilizobaki, takriban mmoja kati ya kila watano aliitwa Mariamu. Wapo wanaolihusisha wimbi hilo na Mariamne, binti wa ukoo wa kifalme wa Wahasmonea aliyeolewa na Herode Mkuu kisha akauawa naye. Matokeo yake yamo ndani ya Injili: Yohana 19:25 wamesimama Mariamu watatu penye msalaba mmoja, ikabidi mwandishi awatenganishe kwa kusema mama yake, mke wa Klopa, Magdalene.

Mary ndilo lililopanda juu kuliko yote na kushuka kwa kishindo. Kumbukumbu za Hifadhi ya Jamii ya Marekani zinaanzia 1880, na tangu mwaka huo hadi 1946 Mary lilikuwa namba moja kwa wasichana kila mwaka bila kukosa. Linda likalipokonya nafasi mwaka 1947, Mary likarudi 1953 na kukaa hadi 1961. Baada ya hapo liliteremka, na mwaka 2009 likatoka kwenye majina 100 ya kwanza. Wakati huo huo Mia, ambalo kwa wengi ni ufupisho wa Maria, likaingia kumi bora. Kwa hiyo mzazi anayeogopa kwamba Mary "wamejaa" anaogopa jambo la zamani. Kina Mary wamejaa miongoni mwa bibi na mashangazi. Kati ya watoto wachanga wa nchi zinazozungumza Kiingereza ni wachache.

Maria bado limetapakaa. Sensa ya Brazil ya mwaka 2010 ilikuta wanawake milioni 11.7 wenye jina hilo la kwanza. Ureno limekuwa likiongoza kwa watoto wa kike kwa miaka mingi. Finland ndilo lenye wanawake wengi kuliko yote ukihesabu na majina ya kati. Hispania limeenea kiasi kwamba watu huliunganisha na jingine ili litambulike, María Carmen, María Dolores, María Pilar, na mara nyingi hilo la pili ndilo linaloitwa nyumbani. Lakini hali haikuwa hivi kila mahali. Ireland kwa karne nyingi watu waliona si heshima kumpa mtoto jina lenyewe la Bikira. Hata leo Kiayalandi kinamwita yeye Muire, na wanawake wengine Máire. Natamani heshima ya namna hiyo ikumbukwe na wanaolichagua kwa sababu tu ni fupi.

Maryam na Mariam yanapanda. Uingereza na Wales, Maryam lilikuwa kwenye 100 bora ya wasichana miaka ya 2010. Georgia, nchi ya Kikristo katika milima ya Caucasus, Mariam limekuwa miongoni mwa majina yanayoongoza. Ni umbo moja linalopendwa na Waislamu na Wakristo wa mashariki kwa pamoja.

Miriam halijawahi kufika kumi bora Marekani, na halijawahi kupotea. Wayahudi wamelitunza kizazi hadi kizazi. Anayelitaka atapata jina ambalo kila mtu analijua lakini ni nadra kumkuta mwingine analo chumbani.

Kinywani na kwenye vyeti

Maria halihitaji kuelezwa popote. Italia, Urusi, Brazil, kwetu, linaandikwa na kusomwa karibu vilevile. Kwa mtoto atakayeishi kati ya lugha nyingi, hakuna katika haya linalolifikia.

Mary lina shida ndogo kwetu: linaandikwa kwa *a* na *y*, linaitwa Meri, na mtoto anayejifunza kusoma kwa Kiswahili atashangaa mbona jina lake halisomeki kama maneno mengine. Atazoea. Lakini kama huna sababu ya kifamilia ya kutumia tahajia ya Kiingereza, fikiria Maria.

Mariamu ndilo linalokaa vizuri kuliko yote katika Kiswahili, silabi nne zilizo wazi, mkazo kwenye *a* ya pili. Ndilo pia linaloleta taabu kubwa ya vyeti. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mariamu, shuleni wameandika Mariam, pasi ya kusafiria inasema Maryam, na siku ya kutafuta chuo au viza mtu mmoja anatakiwa athibitishe kuwa watu watatu ni yeye. Jambo hili linaweza kuzuiwa siku ya kwanza: chagua tahajia moja, iandike mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi umpe karani, soma cheti kabla ya kuondoka, na kila fomu baadaye inakiliwe kutoka kwenye cheti, si kutoka kichwani. Ningependelea *Mariamu* ibaki na *u* yake pale inapoandikwa na Waswahili. Ikiwa mtoto ataishi nje, *Mariam* inatosha na bado nyumbani mtaongeza *u* mkimwita.

Miriam linachanganywa na Mariam kila mara, hasa kwenye simu. Mwenye nalo atatumia maisha yake akisema "Mi, si Ma". Si tatizo kubwa, ila ni vizuri kulijua mapema.

Lipi kwa nani

Nyumba yenye Waislamu na Wakristo, iwe kwa ndoa au kwa ndugu, sioni jina bora kuliko Mariamu. Bibi wa kila upande atalisikia kuwa ni lake, na wote watakuwa sahihi. Kuna hadithi katika Sahih Muslim, mkusanyiko wa hadithi za Mtume, inayolihusu jina hili kwa karibu: sahaba Mughira bin Shu'ba aliulizwa na Wakristo wa Najran, Uarabuni, kwa nini Kurani inamwita Maryamu "dada wa Harun" ilhali Musa na Harun walitangulia kwa muda mrefu. Alipomuuliza Mtume, alijibiwa kwamba watu wa zama za Maryamu walikuwa wakijiita kwa majina ya manabii na watu wema waliowatangulia. Kumpa mtoto jina la aliyetangulia ni desturi ya zamani kuliko dini zote mbili zilivyo sasa.

Kama unataka binti aulizwe "wewe ni Miriam kama nani?" na uwe na hadithi mbili za kumpa, ya tari na ya jukwaa, chukua Miriam bila kusita. Kwangu ndilo lenye nafsi iliyo wazi kuliko yote, na nadhani wazazi wanalipita kwa kudhani ni tahajia tu ya Mariam.

Mary nalishauri kwa sababu moja: kuna Mary katika familia ambaye mnataka aendelee kutajwa. Kumpa mtoto jina la bibi aliyewalea ni sababu kubwa kuliko mitindo yote ya majina, na jina lililopoa mitaani litamfanya mtoto asichanganywe na wenzake. Bila bibi huyo, maumbo mengine matatu yanampa mtoto zaidi.

Maria ni la mzazi ambaye hajui mtoto ataishi wapi wala atazungumza lugha gani, na la yule anayetaka jina lisilomtangulia mtoto kwa makisio. Pia ndilo linalokubali nafasi ya pili kuliko mengine. Neema Maria, Zuhura Maria, Anna Maria, yote yanasikika vizuri. Ulaya ya Kikatoliki huwapa hata wavulana kama jina la kati, kama mtunzi wa muziki Carl Maria von Weber. Kwa hiyo wazazi waliogawanyika wasilazimishane: mmoja apate jina la kwanza, mwingine aweke Maria katikati, na yote mawili yaandikwe kwenye cheti siku hiyohiyo, kwa sababu kuongeza jina baadaye kuna usumbufu mkubwa kuliko kulipanga leo.